Jibu: Vipele siku ya pili baada ya CT scan

Dada, umeuliza kama vipele vya mama vilivyotokea siku ya pili vinatokana na CT scan (kipimo cha picha za ndani ya mwili). Vinaweza kabisa kutokana na ile dawa ya iodini aliyochomwa mshipani ili picha zionekane vizuri. Mzio wa papo hapo hujitokeza ndani ya saa 1. Huu wa kuchelewa huweza kuja hata siku ya 7, na mara nyingi huisha wenyewe. Muwasho mpunguzieni kwa setirizini (dawa ya mzio) na krimu ya haidrokotisoni ya kupaka. Ila akitoka malengelenge, vidonda mdomoni au homa, mkimbizeni hospitali hapo hapo.

Ombeni idara ya eksirei iwaandikie jina kamili la dawa, mfano iohexol. Kuandika "mzio wa iodini" hakumsaidii daktari: safari ijayo anatakiwa kubadilisha aina ya dawa hiyo, hivyo lazima ajue ipi ilitumika. Na hao samaki mliomkataza kwa kuhofia iodini, mrudishieni, hawahusiki.