KMD, Dilla na mikataba inayofungia muziki stoo

Wahariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii linauliza ni albamu gani ya hip-hop iliyorekodiwa kisha ikafungiwa stoo na lebo inayotuuma zaidi, na lawama tunamtupia nani. Najua wengi watakimbilia Detox ya Dr. Dre, kwa hiyo naomba niitoe hiyo mezani mapema. Detox imetajwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakasubiri mpaka wakachoka, alafu mwaka 2015 Dre mwenyewe akasema kwenye kipindi chake cha redio ya Beats 1 kwamba hajaitoa kwa sababu hakuipenda, kazi haikumridhisha, mwezi huohuo wa nane akatoa albamu nyingine, Compton. Pale hakuna aliyedhulumiwa. Mwenye kazi ndo huyohuyo mwenye lebo, kaamua, ni haki yake.

Yangu mimi ni Black Bastards ya KMD, na sitachoka kuisimulia.

KMD lilikuwa kundi la New York, ndani yake kuna ndugu wawili wa damu, Zev Love X na mdogo wake DJ Subroc, waliosainiwa Elektra na mtu wa A&R anaitwa Dante Ross. Kwa asiyejua, A&R ndo yule mtu ndani ya lebo anayetafuta wasanii na kusimamia albamu zao, mkumbuke huyu mtu maana nitarudi kwake. Albamu ya kwanza, Mr. Hood, ikatoka 1991, vijana wa kuchekesha lakini wanaongelea ubaguzi wa rangi kwa akili sana. Wakaingia studio kufanya ya pili, sauti ikiwa nzito zaidi, hasira zaidi, na ilipokaribia kuisha, mwezi wa nne 1993, Subroc akagongwa na gari akivuka barabara kuu huko Long Island, akafariki akiwa na miaka 19. Kaka mtu akarudi studio peke yake akaimalizia. Yaani fikiria kukaa unachanganya sauti ya mdogo wako aliyefariki, biti zake, mistari yake, ili kazi yenu itoke.

Haikutoka. Ilipangwa kutoka 1994, nakala za promo zikaanza kuzunguka kwa waandishi na madj, na kava alilichora Zev mwenyewe: kikatuni cha Sambo, yaani ile michoro ya zamani ya kudhalilisha watu weusi, kikiwa kinanyongwa. Maana yake ilikuwa wazi kabisa, kinachonyongwa pale ni ile dhihaka yenyewe. Lakini mwandishi wa safu kwenye Billboard, Terri Rossi, akaliona kava akalilaani bila kusikiliza wanachosema vijana, na Elektra wakaingiwa na hofu. Hapa lazima ujue kilichokuwa nyuma ya hofu hiyo, maana ukiiangalia peke yake haieleweki. Elektra walikuwa ndani ya Time Warner, na mwaka 1992 Time Warner walitingishwa vibaya kwa sababu ya wimbo wa Cop Killer wa Ice-T na bendi yake ya Body Count, vyama vya polisi vikaja juu, wanasiasa wakaja juu, mpaka kwenye mkutano wa wanahisa ikawa kelele, mwisho wimbo ukaondolewa kwenye albamu na Ice-T akaachana na Warner. Kwa hiyo mwaka 1994 mabosi wa kampuni hiyo hawakutaka kusikia neno utata. KMD wakatemwa wiki chache kabla ya albamu kutoka. Kava halikubadilishwa ili albamu iendelee, na hilo ndo linaniuma kuliko yote, maana kava ni karatasi tu, muziki ulikuwa tayari.

Ila kuna kitu kimoja kilichofanyika pale ambacho ni adimu sana kwenye biashara hii. Zev aliondoka na masta zake, yaani rekodi halisi za nyimbo. Elektra walimwachia kanda pamoja na dola 20,000, akaenda zake. Miaka iliyofuata alipotea kabisa kwenye muziki, mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alikuwa anatembea mitaa ya Manhattan nusura awe hana makazi, analala kwenye mabenchi. Mwaka 1997 au 1998 akaanza kupanda jukwaani pale Nuyorican Poets Cafe akiwa kajifunika uso kwa soksi ya kike, baadae ikawa kinyago cha chuma, na 1999 ikatoka albamu ya Operation: Doomsday. Ndo huyo MF DOOM mnayemjua nyie wote. Na Black Bastards yenyewe ikaja kutoka rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia lebo ndogo, kwa sababu tu mwenye kanda alikuwa ni yeye. Kama Elektra wangezishikilia zile masta labda mpaka leo tungekuwa tunasikiliza kopi za kaseti zilizochakaa.

Sasa linganisheni na J Dilla. Huyu mtu kutoka Detroit alikuwa anaheshimika kama prodyuza, alisainiwa MCA, akaamua kufanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, arap yeye huku biti nyingi zikitengenezwa na watu wengine. Kulikuwa na Madlib, Pete Rock, Nottz, Hi-Tek, yaani vichwa vyote. Albamu ikafanyika 2001 na 2002, alafu ndani ya lebo watu wakabadilika, walioingia hawana habari na Dilla, kazi ikawekwa pembeni. Mwaka 2003 MCA yenyewe ikafutwa ikamezwa na Geffen. Dilla kwa kuchoshwa na mambo hayo akatengeneza Ruff Draft haraka haraka akaitoa 2003 nje kabisa ya lebo kubwa, sauti chafu ya makusudi, ukiisikiliza unaskia mtu aliyechoka kuomba ruhusa. Februari 2006 akafariki, siku tatu tu baada ya albamu yake ya Donuts kutoka. Ile albamu ya MCA ilikuja kutoka Aprili 2016 kwa jina la The Diary kupitia Mass Appeal, miaka kumi baada ya kifo chake. Alifanya kazi, akamaliza, akakabidhi, hakuiona dukani.

Tofauti ya hawa wawili ndo jibu langu la nani alaumiwe. Watu wanapenda kumtafuta bosi mmoja mwenye roho mbaya, na wapo kweli, lakini nikifuatilia hizi stori moja baada ya nyingine naona bosi anabadilika, lebo inabadilika, ila karatasi ni ileile. Mkataba wa kawaida wa lebo kubwa unasema hivi: lebo inatoa advansi, yaani hela ya kutanguliza, hela ya kurekodi inatoka humo, na yote inahesabiwa kuwa deni la msanii litakalokatwa kwenye mirabaha yake. Masta ni mali ya lebo. Msanii analazimika kukabidhi albamu, kadhaa, kwa idadi. Lakini lebo hailazimiki kuitoa! Kuna kipengele kinasema kazi lazima iridhishe kibiashara, na anayeamua kama inaridhisha ni lebo hiyohiyo. Wakisema hatujasikia singo, rudi studio, unarudi kwa deni jingine. Na wakikuacha uende, bado mara nyingi umefungwa usirekodi upya nyimbo zilezile kwa miaka kadhaa. Ni sawa na mtu akukopeshe hela ya kujenga nyumba, deni ulipe wewe lote, alafu hati ibaki kwake na funguo zibaki kwake na akiamua isikaliwe na mtu haikaliwi.

California kuna ile sheria ya miaka saba inayosema mtu hawezi kufungwa na mkataba wa kazi binafsi zaidi ya hapo, watu huitaja kama mkombozi wa wasanii, ila wasichosema ni kwamba mwaka 1987 lebo zilifanikiwa kuingiza marekebisho yanayoziruhusu kumdai msanii fidia ya albamu ambazo hajakabidhi. Kwa hiyo mlango upo ila una faini mlangoni.

Na yule mtu wa A&R niliyesema nitarudi kwake, huyu ndo uhai wa albamu yako. Akiondoka, mrithi wake akifanikisha albamu yako sifa zinaenda kwa aliyekusaini, ikibuma lawama ni zake, sasa kwa nini ahangaike? Mwaka 1998 Seagram waliinunua PolyGram kwa zaidi ya dola bilioni 10 wakaiunganisha na Universal, lebo zikafungwa, zikaunganishwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na wasanii wengi sana wakaachwa njiani. Ukikuta albamu ya rap ya Marekani iliyopotea kati ya 1996 na 2005, kabla hujatafuta ugomvi angalia kwanza mwaka huo nani alinunua nani.

Clipse, kundi la Pusha T na kaka yake, ni mfano kamili. Lord Willin' ya 2002 ilifanya vizuri, mdundo wa wimbo wao Grindin' kila mtu aliupiga kwa ngumi mezani, wako lebo ya Star Trak ya akina Pharrell chini ya Arista. Mwaka 2004 Sony na BMG wanaungana, Arista inavunjwa, wao wanasukumwa lebo ya Jive. Star Trak inahamia Interscope, Clipse wanaomba wawafuate watu wao, Jive wanakataa, mkataba ni mkataba. Wakaenda mahakamani. Miaka inapita hawawezi kutoa albamu, wakaamua kutoa mixtape za We Got It 4 Cheap bure, na zile mixtape ndo zikawajengea heshima upya. Walipofikia makubaliano 2006 ikatoka Hell Hath No Fury, jarida la XXL likaipa alama ya juu kabisa, na mauzo yakawa madogo. Msikilizeni Pusha T kwenye ile albamu mtaelewa ubaridi wa sauti yake ulitoka wapi.

Na kuna rapa Q-Tip. Baada ya Amplified ya 1999 akaingia kutengeneza Kamaal the Abstract, vyombo vya kupigwa laivu, jazi, kuimba kwingi, kurap kidogo. Arista chini ya L.A. Reid wakaona haiuziki, wakati nakala za promo zimeshatumwa kwa waandishi. Ikakaa mpaka Septemba 2009. Sasa angalieni hapa: Septemba 2003, Arista hiyohiyo ikatoa Speakerboxxx/The Love Below ya OutKast, ambayo nusu yake ni André anaimba kuliko kurap, ikauza mamilioni na kuchukua Grammy ya Albamu ya Mwaka. Mimi sisemi Kamaal ingeuza hivyo, nasema walioamua haiuziki hawakuwa na kipimo chochote zaidi ya woga.

Masta zikishakuwa mali ya kampuni zinauzwa kama mali nyingine yoyote, na hapa lebo ya rap ya Death Row ndo stori inayonishangaza mpaka kesho. Walifilisika 2006, mwaka 2009 kampuni ya Kanada inaitwa WIDEawake ikanunua kila kitu kwa dola milioni 18, zikiwemo nyimbo ambazo hazijawahi kutoka. Baadae zikaenda Entertainment One, alafu Entertainment One ikanunuliwa na Hasbro, kampuni ya midoli! Sauti za marapa akina Kurupt na Daz zikawa chini ya watengeneza midoli, mpaka zikauzwa tena na mwaka 2022 Snoop akaichukua lebo. Mikono yote hiyo, na aliyekaa kwenye meza ya mauzo kila mara ni mwenye hati, aliyerap hana kiti pale.

Kuna watakaosema mambo yamebadilika, siku hizi msanii anapakia mwenyewe. Kwa asiyesainiwa ni kweli. Lil Wayne na ukubwa wake wote alikaa na Tha Carter V miaka karibu minne, akaishtaki Cash Money Januari 2015 akidai dola milioni 51, wakamalizana 2018 ndo ikatoka Septemba hiyo. Lupe Fiasco mashabiki wake waliandamana mpaka nje ya ofisi za Atlantic New York Oktoba 2010 ili albamu yake ya Lasers itoke. Na Clipse walewale, mwaka 2025, Pusha T alieleza kwamba Def Jam walitaka vesi ya Kendrick Lamar ipunguzwe makali au iondolewe, wakalipa hela wakatoka, albamu ikaenda Roc Nation na vesi ikiwa nzima. Safari hii uwezo wa kulipa walikuwa nao, 2004 hawakuwa nao.

Mkinibana nitaje ambayo bado iko stoo, kwangu ni ya rapa Rakim akiwa Aftermath, lebo ya Dre. Alisainiwa na Dre kama mwaka 2000, ikapewa na jina, Oh, My God, akaondoka 2003 kwa sababu walishindwa kuelewana mwelekeo, Dre anataka mambo ya mtaani na bunduki, Rakim hataki kurudi huko. Hawa siwalaumu hata mmoja, kila mtu alisimamia anachokiamini. Miongoni mwa vichache vilivyobaki hadharani ni vesi yake kwenye wimbo wa Addictive wa mwimbaji Truth Hurts wa 2002, mistari michache tu, na Rakim kwenye mdundo wa aina ile anaskika kama hajawahi kupumzika hata siku moja. Kwa hiyo kama kuna mtu Aftermath ana zile faili, naomba Rakim na Dre wakae wazungumze wakiwa wote bado hai.