Kustaafia Uganda: jibu refu kwa mwalimu wa Bungoma

Mwalimu, umeuliza mambo manne kwa mpigo. Una miaka 58, unastaafu baada ya miaka miwili, unataka kuuza nyumba na shamba Bungoma uhamie Uganda na mama watoto, ama Mbale ama Entebbe aliko kijana wenu. Sasa unauliza kuhusu kibali, pensheni, matibabu na kiwanja. Waliokujibu kabla yangu wamesema "njoo tu, Afrika Mashariki ni moja." Mimi mstaafu wa idara ya maji, mtu wa Vihiga, niko Jinja tangu 2018, mwaka ule daraja jipya la Nile lilipofunguliwa. Hilo "njoo tu" nimelilipia karo.

Jibu langu kwa ufupi: njoo, lakini nyumba ya Bungoma usiuze. Shamba fanya utakavyo, nyumba iache. Utaona nairudia kila mahali hapa chini na si kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani.

Tuanze na kibali, maana hapo ndipo watu hudanganyana zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ni kweli inatoa haki ya ukaazi. Lakini inampa nani? Anayekuja kufanya kazi, anayekuja kufungua biashara, na wanaowategemea hao. Mstaafu anayekuja kula pensheni yake chini ya mwembe hayumo. Wewe ukivuka kwa kitambulisho chako cha Kenya, jambo linalowezekana tangu 2014, unagongewa hadi miezi sita kama mgeni. Vibali vya Uganda vimepangwa kwa herufi, A hadi G: serikali, kilimo, madini, biashara, viwanda, wataalamu, waajiriwa. Hakuna herufi ya mzee aliyestaafu. La kuchekesha ni kwamba kwetu Kenya ipo: kibali cha K, kwa mgeni mwenye miaka 35 kwenda juu na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka. Yaani Mganda mwenye hela anaweza kustaafia Nyali, Mombasa, kwa kibali hicho, wewe huwezi kustaafia Mbale.

Miaka miwili ya kwanza niliishi kwa mihuri. Kila ikikaribia miezi sita napanda taksi (hapa matatu ndiyo huitwa taksi, usije ukaagiza gari zima) hadi Busia, nagongewa kutoka, nakula samaki upande wetu, narudi jioni. Maafisa walinizoea. Halafu ikaja Machi 2020, Uganda ikafunga mipaka kwa abiria, na muhuri wangu ukaisha nikiwa Jinja, dawa za presha zimebaki za wiki tatu. Hakuna aliyenifukuza. Lakini nilipokwenda kujieleza, kijana mmoja nyuma ya dirisha aliniuliza, kwa heshima zote, "Mzee, wewe hapa unafanya nini hasa?" Sikuwa na jibu linaloandikika kwenye fomu.

Sasa nina kibali cha kilimo, kwa sababu kweli nalima: ekari mbili za kukodi, kahawa na ndizi. Wakenya na Wanyarwanda hatutozwi ada ya kibali, hiyo ndiyo faida halisi ya Jumuiya. Karatasi lakini ni zile zile: mkataba wa shamba, cheti cha tabia njema kutoka nyumbani, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yenye muhuri. Hiyo barua ya LC usiidharau, hapa kila mlango unaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Maombi yanajazwa kwenye mtandao na ukikosea herufi moja unaanza upya. Usiombe kibali cha kazi usiyoifanya. Kama huna mpango wa kulima wala kufungua duka, kaa kwa miezi sita sita na uende nyumbani kweli kweli katikati, si kula samaki na kurudi.

Pensheni. Watu huogopa kodi; mimi ningekuambia uogope shilingi. Chukua mtu wa pensheni ya 60,000 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2019 shilingi yetu moja ilikuwa kama 36 za Uganda, kwa hiyo mkononi alikuwa na zaidi ya milioni mbili na laki moja. Januari 2024, shilingi ya Kenya ilipoanguka hadi 160 kwa dola, moja ikawa kama 24 tu. Pensheni ile ile, milioni moja na laki nne na kidogo. Theluthi ya maisha yako imeyeyuka na wewe hujahama hata nyumba. Baadaye ikapanda tena, ikawa inacheza kwenye 28. Mwaka ule mbaya ndio nilijifunza kupanga matumizi yangu kwa 24 hata siku ambazo kiwango ni kizuri, na kinachozidi nakiweka. Kwenye simu kumbuka pia kuna kodi ya nusu asilimia kila unapotoa pesa Uganda. Ndogo, lakini ni kila mara. Afadhali utoe mara moja kwa mwezi benki.

Kodi yenyewe si mbaya. Uganda haitozi pensheni kodi ya mapato. Kenya nayo, tangu sheria ya Desemba 2024, haikati pensheni ya aliyefikia umri wa kustaafu. Tatizo liko kwenye kodi ya serikali juu ya pango la nyumba unayopangisha, na hapa ndipo narudi kwenye wimbo wangu. Kwa sheria ya Kenya, mwenye nyumba yake ya kudumu ya kuishi Kenya akikanyaga huko hata siku moja ndani ya mwaka anahesabiwa mkaazi. Mkaazi analipa serikali asilimia 7.5 ya pango analopokea. Asiye mkaazi anakatwa asilimia 30. Rafiki yangu mmoja aliuza nyumba yake ya kuishi Nakuru, akabaki na vyumba vya kupangisha, akahamia Entebbe moja kwa moja, na sasa mhasibu wake anamweleza hesabu asizotaka kusikia. Upande wa Uganda, ukikaa siku 183 unakuwa mkaazi wa huku pia na unatakiwa kutaja mapato ya kwenu. Ule mkataba wa Jumuiya wa kuzuia kutozwa mara mbili, uliosainiwa 2010, bado haujaanza kazi. Uganda hukupunguzia kiasi ulicholipa Kenya, mradi uwe na risiti. Weka risiti.

Matibabu sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Siku unastaafu, bima ya walimu unaiacha langoni. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Bunge lilipitisha muswada Machi 2021 lakini haujawa sheria. Hospitali za serikali hazitozi tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia, na kwa malaria au kidonda sina malalamiko, nimetibiwa vizuri na wauguzi wenye moyo. Ila bure ni ya daktari. Dawa ikiwa haipo unaandikiwa ukanunue nje, na kwa mzee wa presha na sukari dawa ndiyo gharama yenyewe.

Nilikuwa nimejipanga. Nikiwa na miaka 62 nilinunua bima ya kampuni moja, sitaitaja, nikalipa miaka mitatu bila kuugua hata mafua. Nilipofika 65 wakaniandikia kwamba umri wangu umepita kiwango, asante kwa kuwa nasi. Mwaka uliofuata tezi dume ikaanza kunisumbua. Usiku mmoja mkojo uliziba kabisa. Hospitali ya binafsi niliyopelekwa walinisaidia kwa mpira wa kutoa mkojo usiku ule, lakini kwa upasuaji walitaka amana ambayo ningeuza ng'ombe wote na bado nikadaiwa. Asubuhi mke wangu alinitazama akasema, "Baba, twende nyumbani." Tukaenda na mpira wangu, Jinja hadi Busia, Busia hadi Kisumu, kila shimo la barabara nikilitaja kwa jina la babu yake. Nililazwa kwa NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya, niliyokuwa nikiilipa shilingi 500 kwa mwezi kwa ukaidi tu, watu wakinicheka kwamba nalipia nchi nisiyoishi.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, mahali pake ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Uanachama wa zamani haukuhama wenyewe. Nilivuka kujisajili upya. Asiye na mshahara hapangiwi 500 tena, anaulizwa maswali: paa la nyumba ni la nini, choo ni cha aina gani, una mifugo mingapi. Kisha unapangiwa kiasi, kisichopungua 300 kwa mwezi, na unalipa cha mwaka mzima kwa pamoja. Mimi nilijibu kwa nyumba ya Vihiga. Ndiyo hiyo nyumba tena. SHA haikulipii hospitali ya Mbale wala Kampala, basi bima yako halisi ni umbali wa kitanda chako kutoka mpakani.

Ndiyo maana kati ya Mbale na Entebbe mimi sisiti. Entebbe ni pazuri, ziwa, kijana yuko karibu, na Kampala kuna hospitali ya Mulago, kuna taasisi ya saratani na ya moyo, kuna hospitali ya Kiruddu kwa wenye matatizo ya figo. Kama mnaweza kulipa, sawa. Lakini kwa pensheni ya mwalimu, Mbale. Kutoka Mbale unashuka Lwakhakha, unavuka, uko Bungoma, na Eldoret haiko mbali. Isitoshe wewe ni Mbukusu: Wamasaba wa Mbale ni ndugu zako, imbalu yao, ile sherehe ya tohara, unaijua, lugha yao utaisikia bila mkalimani. Mimi hapa Busoga nilianza na Kiswahili, na ingawa baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kukikuza, wazee wengine bado wakikisikia wanakumbuka wanajeshi waliokitumia zamani. Mama wa sokoni alinipandishia bei ya nyanya hadi nilipojifunza kumsalimu kwa Lusoga.

Kiwanja, kwa haraka: Katiba ya 1995 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja, unaweza kukodi tu, mwisho miaka 99. Kampuni ambayo wageni ndio wengi nayo ni mgeni. Usinunue kwa jina la shemeji, na ukisogea upande wa Buganda usiguse kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Mwenye kibanja ana haki zake, mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi hiyo) ana zake, na wewe huna yoyote kati ya hizo. Panga nyumba kwanza, mzunguko mzima wa mwaka, mvua zote mbili.

Halafu kuna lile ambalo hukuuliza lakini mama atakuuliza: mtazikwa wapi? Kuvusha mwili kunahitaji kibali cha mazishi, cheti cha daktari kwamba mwili umetunzwa, barua za pande mbili, na watoto wenye akili timamu siku ambayo hawatakuwa nazo. Mwaka juzi tulimsindikiza jirani yetu, mzee wa Siaya, na gari lilisimama mpakani kwa muda wa saa nne tukitafuta karatasi moja. Mimi zangu ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na namba ya kaburi haihitajiki, wanajua ni nyuma ya jiko la mama yangu.

Ukija kutazama, beba kadi ya homa ya manjano, wanaiuliza. Njoo na mama, mkae miezi mitatu kabla hujatia saini popote. Wangu alikubali Jinja kwa sababu ya upepo wa mto jioni, na hata hivyo kila Desemba anatangulia Vihiga wiki mbili kabla yangu, eti kufungua madirisha.