Moshi wa bluu asubuhi: injini isifunguliwe kwanza

Ndugu yangu, umesema Prado yako ya dizeli inatoa moshi wa bluu ukiiwasha asubuhi, na fundi ameshataka ufanye ovaholi, yaani kufungua na kukarabati injini nzima. Subiri kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, hilo ni kweli; lakini ukitoka asubuhi tu kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu (mipira inayozuia oili isishuke kwenye silinda) zimekauka na oili imechuruzika usiku kucha. Hiyo si kazi ya kubadilisha pistoni.

Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, ufungue taratibu kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwepesi ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu, shuku ringi za pistoni (zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda), kisha thibitisha kwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Geji iwe ya dizeli, maana ya petroli haifiki mgandamizo wa dizeli. Kagua na tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini): bomba lake la hewa likilowa oili kupita kiasi, huenda oili inatoka humo na ringi hazina kosa.

Moshi mweusi, anza na filta ya hewa na nozeli zinazopuliza dizeli. Mweupe huku maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku), na hapo usiendeshe tena.