Nimechelewa kutuma notisi ya awali: lieni yangu imekufa?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi vigae mwenye leseni, niko San Diego, Kalifornia. Nilichukua kazi kwa mkandarasi mkuu kwenye nyumba ya mtu, nikaanza Machi 3. Sikutuma notisi yoyote maana tunafahamiana. Sasa ni Mei, nimebakiza bafu moja, malipo yanapigwa danadana, na mwenye nyumba anasema yeye keshalipa. Naweza kuweka lieni, yaani dai la deni langu linaloishika nyumba yenyewe kama dhamana?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, ila si kwa fedha yote. Kalifornia inamtaka mkandarasi mdogo, yaani asiye na mkataba na mwenye nyumba mwenyewe, atume notisi ya awali ndani ya siku 20 tangu aanze kazi. Ukichelewa, lieni hushika kazi ya siku 20 kabla ya notisi na yote inayofuata. Ya nyuma zaidi imetoka.

Tupige hesabu yako. Ukiituma notisi kwa posta Mei 10, rudi nyuma siku 20: unafika Aprili 20. Vigae ulivyoweka kuanzia hapo, pamoja na hilo bafu, vinaingia. Vya Machi 3 hadi Aprili 19 haviingii. Deni lake bado unalidai, na unaweza kumshtaki mkandarasi kwa mkataba wenu, lakini nyumba haikudhamini tena. Kila siku unayongoja inakula siku moja ya kazi, kwa hiyo usisubiri ahadi ya Ijumaa.

Itume kwa mwenye nyumba, kwa mkandarasi mkuu, na kwa benki iliyokopesha ujenzi kama ipo. Tumia barua ya rejista au ikabidhiwe mkononi, usitegemee WhatsApp. Tunza risiti ya posta pamoja na tamko lililosainiwa na aliyeituma. Ndani andika jina na anwani yako, nani kakupa kazi, kazi gani, jengo lipi, makadirio ya bei nzima, na yale maneno kwa mwenye mali ambayo sheria yenyewe imeyatunga. Hayo usiyafupishe. Kazi ikiongezeka na mkandarasi ni yuleyule, notisi hiyo moja inatosha.

“Nimeshalipa” ya mwenye nyumba haimwokoi. Anaweza kujikuta analipa mara mbili. Ndiyo maana notisi ipo: ajue nani yuko kwenye jengo lake ambaye yeye hakumwajiri. Mafundi wengi huona aibu kuituma, wakidhani ni uchokozi. Wakandarasi wazoefu huzipokea kila mradi, wakaziweka kwenye faili, basi. Anayeikasirikia ndiye wa kumtilia shaka.

Lieni yenyewe huandikishwa kwa msajili wa kaunti ndani ya siku 90 tangu mradi mzima ukamilike, si sehemu yako tu. Mwenye nyumba akiandikisha notisi ya kukamilika, zinabaki siku 30 tangu aiandikishe. Kisha kesi ifunguliwe ndani ya siku 90 tangu uandikishe lieni, la sivyo inakwisha nguvu. Majimbo mengine yana hesabu zao.

Na mkandarasi akikuletea hati ya kuachilia lieni ndipo akupe hundi, soma kichwa chake kwanza. Yenye sharti la malipo kupokelewa, saini. Isiyo na sharti, mwambie utaisaini hundi ikishapita benki.