Biskuti za mtoto, saa tatu usiku

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta, naishi Kimara. Mwezi wa kwanza mama yangu alipimwa akakutwa na kisukari. Niliogopa, nikaanza dayati. Asubuhi nakunywa maji ya uvuguvugu na limao. Mchana tango, nyanya na nusu parachichi. Usiku mboga za majani na kipande cha samaki, ugali sigusi. Mchana kutwa niko vizuri. Ikifika saa tatu, watoto wamelala, mume yuko kwenye mpira, mwili wote unataka kitamu. Naanza na kijiko cha asali, naishia kwenye kopo zima la ubuyu. Juzi nilimaliza biskuti za shule za mwanangu. Asubuhi alipoziulizia nikasema labda dada wa kazi amekula. Dada hakusema kitu. Nalala saa sita nikijichukia, saa kumi na moja niko macho. Rafiki yangu ananishauri nitumie vile vidonge vya utamu visivyo na sukari. Shangazi, nina tatizo gani? Mbona wenzangu wanaweza?*

*Mwenye Aibu, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Habari ya dada nitaifikia, usidhani nimeiruka. Tuanze na sahani yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, maana wewe ni mhasibu na hesabu hutakataa. Asubuhi umeingiza nini? Maji na limao: sifuri. Mchana umeingiza tango, ambalo karibu lote ni maji, nyanya ambayo hailiachi mbali, na nusu parachichi. Hiyo nusu parachichi ndiyo iliyobeba mzigo wote tangu umeamka saa kumi na moja alfajiri mpaka unakaa mezani usiku. Hapo katikati umesimama kwenye mwendokasi kwenda na kurudi, umefunga mahesabu ya watu, umekagua madaftari ya watoto, umesimamia jiko. Saa tatu mwili unakuja kudai chake, wewe unauita mlafi. Mimi naona deni, na mdai amekuwa mvumilivu kuliko wengi.

Na mdai huyu hatalipwa kwa mchicha. Ubongo peke yake hula karibu moja ya tano ya nguvu mwili unazotumia ukiwa umepumzika, na chakula chake kikubwa ni sukari iliyomo kwenye damu. Aliyebanwa kutwa nzima hutaka kitu cha kufika haraka, na humo ndani kwako vinavyofika haraka ni asali, ubuyu na biskuti. Hukuchagua vibaya, ulichagua kama mwenye njaa.

Tena hata aliyekula vizuri saa hiyo humsumbua. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 12 waliowakalisha maabara siku 13, mwanga hafifu, saa za kula na kulala zikihamishwahamishwa ili saa ya ndani ya mwili ibaki inajionyesha yenyewe. Njaa ilikuwa chini kabisa mnamo saa mbili asubuhi, na juu kabisa mnamo saa mbili usiku. Hamu ya vitamu nayo ikafuata mwendo huohuo. Kwa hiyo usijivunie sana hilo limao lako. Asubuhi sote ni watakatifu.

Sasa fanya hivi. Asubuhi kula, hata kama huna njaa kali. Mayai mawili na kiazi kitamu cha kuchemsha. Au uji wa ulezi, uwekee karanga za kusaga badala ya vijiko vitatu vya sukari. Au kiporo cha maharage ya jana na chapati moja, nani kakwambia kiporo ni dhambi? Mchana nenda kwa mama lishe wa hapo ofisini kwenu, mwambie wali kidogo, maharage mengi, mchicha, na samaki kama yupo. Wanajua, hawashangai, wateja wa namna hiyo wanao wengi siku hizi. Maharage, kunde na choroko hukaa tumboni kwa sababu ya protini na nyuzinyuzi zake, sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Kwa bei ya parachichi la mjini utapata bakuli zima.

Saa kumi na nusu, kabla hujapanga foleni kituoni, kula ndizi mbivu moja na kiganja cha karanga. Hili nakuomba usiliache hata ukiacha mengine yote. Mtu anayeingia nyumbani na njaa ya mwendokasi huanza kuonja sufuria kabla hajavua viatu.

Na usiku rudisha ugali. Ndiyo, ugali. Wa dona, kiasi cha ngumi yako, pamoja na huyo samaki na matembele. Najua siku hizi ugali umegeuzwa adui wa taifa, lakini mama zetu waliula wakalala, hawakuamka saa nne kupekua makabati. Kumuondoa ugali mezani halafu kumaliza kopo la ubuyu baadaye ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kubana matumizi.

Tukifika kwenye huo ubuyu. Unga wa mbuyu wenyewe ni mchachu, hauna kosa lolote. Sukari na ile rangi inayobaki kwenye vidole ndivyo vilivyoongezwa. Na asali, mwanangu, naona unaanza nayo kila usiku kama vile ni dawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo wake kuhusu sukari, na humo asali na juisi za matunda zimehesabiwa kundi moja na sukari ya dukani. Kwa mtu mzima wa kawaida mpaka wake ni kama gramu 50 kwa siku, vijiko vya chai 12 hivi. Ikiwezekana kushuka hadi nusu yake, ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya kola, ile ya mililita 350, ina kama vijiko tisa. Hukuniambia habari za chai ya ofisini ya saa nne. Unatia vijiko vingapi? Vikombe vingapi? Mhasibu haachi mstari wazi.

Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo papai, embe, chungwa au fenesi la msimu kula kwa raha. Lisagwe liwe juisi, limeingia.

Sitakwambia uache vitamu. Niliwahi kujipiga marufuku mwenyewe. Nikaficha halua ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, nikijua mume wangu hana sababu ya kuifungua. Nilikuwa naila nimesimama, gizani, kwa kijiko cha unga. Kikohozi kilinipata, alipowasha taa nilikuwa mweupe mpaka kwenye kope. Kwa hiyo unapouliza mbona wenzako wanaweza, jua kwamba saa tatu usiku wenzako huwaoni.

Chagua kitu kimoja unachokipenda kweli. Si biskuti za mtoto, hizo hata huzipendi, zilikuwa karibu tu. Kama ni visheti, nunua visheti vizuri, vitatu. Kama ni ubuyu, mimina kwenye kisosi, funga kopo, lirudishe juu. Kaa mezani, taa ikiwaka, ule mara tu baada ya chakula cha usiku, tumbo likiwa limeshajaa. Kitamu kinacholiwa juu ya shibe huwa kidogo chenyewe bila kulazimishwa. Na vya akiba visikae ndani. Biskuti za shule nunua pakiti ya kesho tu dukani kwa Mangi. Ukizitaka saa nne usiku itabidi uvae kitenge, ufungue geti, umsalimie mlinzi, uvuke barabara. Mara nyingi hamu hupita ukiwa bado unatafuta kandambili.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, ila limo kwenye barua. Hiyo saa tatu ndiyo saa pekee katika siku yako ambayo hakuna anayekuita. Si bosi, si mtoto, si sufuria. Ndipo unapopewa kitu, na kitu hicho umekigeuza kuwa asali kwa sababu asali ipo na haina masharti. Hata ukishiba, saa hiyo utaikuta pale pale ikikungoja. Itafutie kitu cha kuitia. Kuoga maji ya moto bila haraka, kusukwa na dada huku mkipiga soga, kumpigia mama yako huyo unayemuogopea. Na huyo bwana wa mpira naye ana mikono. Mwambie siku mbili kwa wiki madaftari ya watoto ni yake, mechi zina mapumziko.

Usingizi wako pia hautoshi. Saa sita mpaka kumi na moja ni saa tano. Mwaka 2004, huko Chicago, vijana 12 wa kiume waliachiwa walale kwa muda wa saa nne tu, usiku mbili mfululizo. Homoni ya njaa ikapanda, ya shibe ikashuka, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vitamu, vya chumvi na vya wanga. Jaribu kupanda kitandani saa nne na nusu usiku. Hutakuwa na muda mwingi wa kuwa karibu na kabati.

Vidonge vya rafiki yako, achana navyo. Mwaka 2023 Shirika hilohilo la Afya lilishauri viongeza utamu visivyo na sukari visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa havionyeshi faida ya muda mrefu. Na wewe shida yako ni njaa, kidonge hakishibishi.

Sasa hofu ya mama. Ni kweli, mtu ambaye mzazi wake ana kisukari cha ukubwani yuko kwenye hatari zaidi kuliko asiye naye. Hilo halipimwi kwa kubahatisha kitandani. Nenda kituo cha afya asubuhi, kabla ya kula chochote, wapime sukari ya damu. Ikiwa ni 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi watarudia kipimo ili kuthibitisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 hiyo ni kengele, na bado una nafasi kubwa ya kuirudisha nyuma. Ukianza kuona kiu isiyoisha, kuamka usiku mara kwa mara kukojoa, macho kuwa na ukungu au nguo kulegea bila sababu, usisubiri siku ya mapumziko. Na kwa msomaji mwingine aliye kwenye insulini au vidonge vya kushusha sukari: wewe ukitetemeka na kutoka jasho usiku, barua hii si yako. Tumia sukari papo hapo, na kesho umwone daktari.

Mpe mpango huu wiki tatu au nne. Ikiwa utakuwa unakula vizuri mchana, unalala, na bado unakula kwa siri mpaka tumbo linauma na huwezi kujizuia, au ukianza kujitapisha, mwone daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi. Huo ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu.

Haya, sasa habari ya dada. Umri wake hukuutaja, lakini najua kwamba anaamka kabla yako, na najua kwa nini hakusema kitu. Mtu wa nyumba ya watu akishaitwa mwizi mbele ya mtoto, akibisha ni mkaidi, akinyamaza amekiri. Leo ukifika nyumbani, kabla hujaweka mkoba chini, waite wote wawili. Mwambie mwanao: biskuti nilikula mimi mama yako, nilikuwa na njaa, na dada nilimsingizia. Mwombe dada radhi kwa jina lake. Halafu muulize yeye anapenda kitamu gani, umnunulie, aweke chumbani kwake. Hicho usikiguse.