Kabla hujashoti hisa, piga hesabu hii

Tuanzie Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza. Kipindi cha mbalamwezi, dagaa wakiwa adimu, mtu anaazima magunia kumi na kuyauza papo hapo. Anategemea giza likirudi bei itashuka, anunue kumi mengine arudishe, chenji ibaki mfukoni. Kushoti hisa ndiko huko: unauza hisa za kuazima ukitegemea bei ishuke. Deni ni la magunia, si la shilingi: bei ikipanda, bado unadaiwa kumi.

Sasa tuseme umeshoti hisa 50 za dola 40 kwenye soko la New York. Umepata dola 2,000, lakini huzigusi. Kanuni za Marekani zinakutaka uongeze asilimia 50, yaani dola 1,000 zako, hivyo akaunti inasoma 3,000. Kisha mtaji wako, yaani hizo 3,000 ukitoa thamani ya hisa unazodaiwa, usishuke chini ya asilimia 30 ya thamani hiyo. Zidisha 50 kwa 1.3 upate 65; gawanya 3,000 kwa 65. Jibu ni dola 46 na senti 15. Bei ikivuka hapo tu, unadaiwa dhamana zaidi, na madalali wengi wana masharti makali kuliko hayo. Usipoongeza, wanakununulia hisa wenyewe kwa bei iliyopo na kukufungia.

Ubaya zaidi ni kwamba ukikosea, biashara inanenepa. Bei ikifika 60 umepoteza 1,000 yote, na deni limekuwa 3,000. Ikishuka hadi 20 umepata 1,000, lakini biashara imebaki ya 1,000 tu.

Wengi hujifariji na stop loss, yaani agizo la kufunga biashara bei ikigusa kiwango ulichoweka. Kwa saa zetu, New York hufungua saa kumi na nusu jioni na kufunga saa tano usiku (kwao kukiwa baridi, ongeza saa moja). Makampuni mengi hutoa matokeo baada ya kufunga. Umeweka stop kwenye 44, asubuhi yao soko linafungua na 52: unafungiwa kwenye 52.

Ndicho kilichowakuta walioshoti Volkswagen. Jumapili, Oktoba 26, 2008, Porsche ilitangaza kuwa hisa ilizonazo Volkswagen, pamoja na haki za kununua nyingine (options), zimefika asilimia 74.1. Jimbo la Lower Saxony lilikuwa na takriban asilimia 20. Zilizobaki sokoni hazikutosha kurudisha zilizoazimwa. Kutoka kama euro 210 siku ya Ijumaa, Jumanne bei ilivuka 1,000. Baadaye ilishuka sana, ila waliokwishafungiwa haikuwasaidia kitu.

Kuna ada ya kuazima pia. Ikiwa asilimia 20 kwa mwaka, hizo 2,000 zinakutoza kama dola 33 kwa mwezi, na ada hubadilika wakati wowote. Gawio likitoka, unamlipa mwenye hisa wewe. Programu nyingi za simu, kwanza, hazikuazimi hisa yoyote. Zinachokupa ni mkataba wa tofauti ya bei (CFD) kati yako na dalali, wenye tozo ya kila usiku. Soma ukurasa wa tozo kabla ya kuweka pesa.

Halafu ile dhamana. Miezi yote unayosubiri kampuni ianguke, dola 1,000 zako zimefungwa. Pesa hiyo hiyo kwenye hatifungani ya Serikali ingelipwa riba kila miezi sita. Kwenye hisa ya benki inayotoa gawio pale Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), ungelipwa wewe badala ya kulipa. Ukiona lazima ubashiri anguko, nunua haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa (put option), yenye tarehe ya mwisho: kikomo cha hasara ni bei uliyolipia, ingawa ukichelewa inaisha thamani yote.