Upepo uingie: nilivyotoa makorokoro ndani kwa feng shui

Mlango wa sebuleni kwangu ulikuwa haufunguki mpaka mwisho. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli ya mtoto isiyo na mnyororo, miavuli miwili iliyovunjika mbavu na kiroba cha viatu. Karibu mwaka mzima tukawa tunaingia ndani kwa ubavu, na mgeni mwenye mwili wake anaanza kuomba radhi kabla hajamaliza kupiga hodi.

Aliyenisema ni shoga yangu mmoja anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo wa duka lake la Kariakoo. Alikaa kwenye kochi, akautazama ule mlango, akasema, "Shoga, riziki yenyewe ikija hapa itapitia wapi?" Ndipo akanieleza feng shui, elimu ya jadi ya Kichina ya kupanga nyumba, aliyoisikia kwa Wachina anaofanya nao biashara. Feng ni upepo, shui ni maji. Wanaamini ipo nguvu ya uhai, qi, wanatamka "chi", inayoingia kwa mlango na kuzunguka nyumbani. Ikikuta njia imezibwa inadumaa, na wenye nyumba wanadumaa nayo.

Mama aliposikia akaniuliza kama nimeanza kuagua. Nikamwambia, mama, mbona wewe hufagii usiku kwa kuogopa kutoa riziki nje? Akanyamaza kidogo. "Hilo ni jingine," akasema.

Qi mimi sijaiona. Upepo wa kusi ninaufahamu, na hapo ndipo Wachina waliponishika. Tumepanga Tabata, vyumba viwili na sebule, na dirisha la chumbani linaloelekea kusini tulikuwa tumeliziba kwa kabati la nguo tangu siku tuliyohamia. Juni na Julai, watu wanajifunika shuka kwa ubaridi, sisi feni inazunguka mpaka alfajiri na Luku inakimbia. Tulipolisogeza lile kabati tulikuta ukuta umeota ukungu, na koti la baba watoto lililokuwa limeangukia nyuma yake limeshika harufu ya chini ya mvungu. Usiku ule tulizima feni. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujatupa hata kijiko, simama katikati ya chumba ujue upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Kilichokaa kwenye njia hiyo ndicho cha kuanza nacho, hata kama ni kizuri.

Na usianze wakati wa masika. Vitu lazima vitoke uani vianikwe, na mvua ya Aprili haitakuonea huruma. Mimi nilianza Juni.

Mlango nilimaliza kwa nusu saa. Kazi ilikuwa kabatini, kwenye sare za harusi. Mwanamke wa Dar anajua ninachosema: kila harusi na kitambaa chake, unashona, unavaa siku moja, kinarudi kabatini. Nilikuta sare kumi na tisa. Mbili ni za ndoa zilizokwishavunjika, wenyewe hawasalimiani, sare zipo zimepigwa pasi! Watu wa feng shui wanasema kitu kinachokutia unyonge kila ukikitazama kisikae ndani. Nilibakiza nne ninazozipenda. Nyingine nilimpelekea fundi cherehani akanitolea foronya za mito ya makochi, maana kumgawia mtu sare ya harusi ambayo hakualikwa ni kumtafuta ubaya.

Halafu mvungu wa kitanda. Wanataka pawe wazi, qi izunguke unapolala. Kwangu palikuwa na sanduku la mama mkwe, vitabu vya chuo vya shemeji na mashine ya kusagia ya wifi isiyo na mota. Hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka nje unapotukosea. Unakuambia tupa usichokitumia, kana kwamba vitu ni vyako. Ukiwa na nyumba Dar wewe ni bohari la ukoo, na mzigo wa mtu ni amana. Nilichofanya ni kupiga simu moja moja na kutaja tarehe. "Shemeji, vitabu vyako vina miaka saba chini ya kitanda changu." Akacheka. "Usivitupe shem, nakuja mwezi ujao." Nikamwambia mwezi ujao tarehe 15 vitakuwa kwenye basi. Tarehe 15 vilikuwa kwenye basi. Sanduku la mama mkwe sikuligusa. Nililifuta vumbi nikaliweka juu ya kabati, na mwenye akili hataniuliza kwa nini.

Kitanda chenyewe tulikigeuza. Feng shui haitaki miguu ielekee mlangoni, kwa kuwa ndivyo maiti inavyotolewa. Inataka ulale unauona mlango bila kuwa mkabala nao. Mama hili alilikubali bila ubishi. Kioo kisitazame kitanda, nalo wanalisisitiza, ila changu kinatazama na kitaendelea kutazama, sina ukuta mwingine.

Maji nayo. Yanayotembea ni heri, yaliyotuama ni nuksi. Nilikuwa na madumu kumi na manne jikoni na uani, kwa hofu ya mgawo, mengine hayana vifuniko. Hapa sikuhitaji qi. Mbu anayeeneza dengi hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo kama hivyo, na ugonjwa huo jiji hili limeuona 2014 na tena 2019. Nimebaki na madumu sita ya lita ishirini, yote yana vifuniko, na ninayazungusha: la zamani linatumika kwanza.

Wana pia ramani yao ya nyumba, bagua. Kwa mtindo mmoja wa kuipima, kona ya mbali kushoto ukiingia ni ya utajiri. Kwangu ilikaliwa na TV ya chogo, na juu yake deki lisilowaka. Fundi alizichukua zote kwa elfu kumi, kwa ajili ya spea. Huo ndio utajiri uliotoka kwenye kona ile mpaka leo. Droo ya jikoni nayo ilinitolea mifuko ya rambo, kibunda kizima, ya tangu kabla haijapigwa marufuku Juni 2019. Sijui nilikuwa naihifadhi kwa sherehe gani.

Baba watoto kwa muda wote huo alikuwa upande wangu, isipokuwa kwa kitu kimoja, boksi la TV ya flati. Limekaa juu ya friji, linaziba nusu ya dirisha la jikoni. Nilimwambia linazuia upepo. Akaniuliza tukihama TV tutaibeba kwenye nini, kwenye khanga? Kodi yetu inaisha Desemba na mwenye nyumba hajasema neno. Boksi bado lipo.